Kizingiti cha Ziwa Letu: Maporomoko ya Kuyajua Kabla Hujahitimu

Muulize mwanafunzi yeyote wa Mwanza ziwa linamfikia wapi, atakujibu bila kufikiri. Asubuhi linatoka bombani, mchana liko kwenye sahani ya ugali kwa sato, jioni lipo pale chini ya miamba likingoja mtu apige picha. Sasa muulize swali la pili: maji yote hayo yakishajaa ziwani, yanatoka kwa mlango gani? Hapo wengi wanaanza kukuna kichwa, hata wale waliopata A ya Jiografia kidato cha nne.

Jibu lenyewe ni fupi. Ziwa Victoria lina njia mbili tu za kutolea maji. Ya kwanza ni juu: jua linayachukua kama mvuke. Ya pili ni mto mmoja, Naili, unaoanzia Jinja nchini Uganda. Mito inayoingia ni mingi, kuna Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia na mingine. Unaotoka ni mmoja. Na pale unapotokea palikuwa na maporomoko ambayo leo huwezi kuyaona, hata ukienda na hela zako zote za bumu.

Watu wakipanga safari ya kuona maporomoko, kwa kawaida wanataja Materuni kule Moshi, Sanje kwenye misitu ya Udzungwa, au Kalambo kule Rukwa ambako maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Yote ni mazuri, nenda ukipata nafasi. Lakini makala hii inafuata maporomoko yanayohusu maji tunayokunywa sisi hapa, kuanzia yanapoingia ziwani hadi yanapotoka. Hoja yake ni moja: maporomoko yana kazi. Ukiyaondoa, kazi ile haiondoki. Inabaki pale pale, na mtu lazima aifanye kila siku.

Rusumo: maji yanapoingia

Tuanze na yaliyo karibu zaidi. Ukitoka Mwanza unavuka Daraja la Kigongo–Busisi, unapita Sengerema na Geita, unafika Lusahunga, kisha unashika barabara ya Ngara hadi mpakani mwa Tanzania na Rwanda. Pale chini ya daraja la mpakani Mto Kagera unajibana katikati ya mawe na kuanguka kwa kishindo. Hayo ndiyo maporomoko ya Rusumo. Kimo chake ni mita 15 hivi, kwa hiyo usitegemee kitu cha kukukatisha pumzi kwa urefu. Kinachoshangaza ni wingi wa maji, rangi yake ya udongo, na ukungu unaokulowanisha ukiwa umesimama juu ya daraja.

Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Maji yake yanatoka milima ya Rwanda na Burundi, na juu kidogo ya Rusumo ndipo Mto Ruvubu unapojiunga nao. Baada ya maporomoko, mto unazunguka kaskazini, unapita karibu na msitu wa Minziro wilayani Missenyi, ambao ndege na miti yake mingi ni ya aina ya misitu ya Kongo, kisha unaingia ziwani.

Pana historia nzito hapa. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja hili kuingia Ngara kwa muda wa takriban siku moja tu, kwa hesabu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi. Mto nao ulibeba waliouawa. Miili ilishuka na Kagera hadi ziwani, na maelfu walizikwa na wavuvi na wanavijiji wa pwani ya Uganda. Kwa hiyo ukisimama pale darajani, piga picha kwa adabu, tena uliza kwanza kama inaruhusiwa, maana ni eneo la mpaka.

Leo Rusumo ina mitambo ya umeme ya megawati 80, inayogawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa bwawa kubwa zaidi, ambalo lingefunika mashamba na makazi mengi. Baadaye nchi tatu zikakubali mtambo unaotumia maji yanavyokuja, bila hifadhi kubwa ya maji nyuma yake. Kumbuka uamuzi huo, tutaurudia.

Beseni lenye pengo

Kabla ya kwenda Jinja, fanya jaribio hili hosteli. Chukua beseni la plastiki kuukuu, likate pengo dogo ukingoni lenye umbo la V. Weka beseni chini ya bomba, fungua maji taratibu. Maji yatapanda mpaka yafike kwenye pengo, yataanza kumwagika, kisha yatatulia kwenye usawa mmoja. Ongeza bomba: maji yanapanda kidogo, na pengo linamwaga zaidi. Punguza bomba: yanashuka, na pengo linamwaga kidogo. Hakuna anayelisimamia. Pengo lenyewe ndilo linaloamua.

Hivyo ndivyo ziwa letu lilivyojiendesha kwa maelfu ya miaka. Beseni ni ziwa, bomba ni mvua na mito, na pengo lilikuwa kizingiti cha mwamba mgumu pale Jinja. Wanajiolojia wanatuambia kwamba zamani mito kama Kagera ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya upande wa Bonde la Ufa la magharibi ilipoinuka, maji yakazuiwa, yakajikusanya bondeni. Ndiyo sababu Ziwa Victoria ni pana mno lakini siyo refu kwenda chini: eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, wakati kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Tanganyika kwa kulinganisha, mahali penye kina kirefu zaidi, inazidi mita 1,400. Kuna kipindi, kama miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita, Ziwa Victoria lilikauka. Mvua ziliporudi lilijaa tena, likafika kwenye kizingiti, likamwagika kuelekea kaskazini.

Mwagiko huo ndio uliokuwa maporomoko ya Jinja.

Jinja: mawe yaliyoondolewa

Tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa hili akiwa juu ya kilima upande wetu huu wa Mwanza. Wasukuma, Wakerewe na Wakara walikuwa wameliona kila asubuhi tangu enzi za mababu, lakini vitabu vya Ulaya vilimpa yeye sifa. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani India akarudi, mtu ambaye bila Kiswahili chake na akili yake ya safari Speke asingefika mbali. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika upande wa pili, mahali maji yanapotoka. Aliandika kwamba Waganda waliyaita maporomoko yale Mawe. Yeye akayabandika jina la Ripon, bwana mkubwa wa Uingereza aliyeongoza Chama cha Kifalme cha Jiografia kule London.

Jina la wenyeji halikufa. Mji wa Jinja umelibeba hadi leo, maana neno lenyewe ni jiwe. Kwa hiyo ziwa letu lina miji miwili ya mawe: sisi kusini na wao kaskazini. Tofauti ni kwamba mawe yetu tunayatazama tu, wakati mawe yao yalikuwa yanafanya kazi.

Na hayakuwa marefu. Kwa vipimo vya Speke mwenyewe, maji yalianguka futi 12 hivi, yaani pungufu ya mita 4, kwenye upana wa futi 400 hadi 500. Maporomoko mafupi kuliko nyumba ya ghorofa moja yalikuwa yameshikilia ziwa kubwa kuliko yote Afrika.

Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls, kilomita chache chini ya hapo, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili. Siku hizi linaitwa Nalubaale. Ili maji yafike bwawani bila kizuizi, kizingiti cha Ripon kilichimbwa kikaondolewa, na sehemu nzima ikafunikwa na maji yaliyopanda nyuma ya bwawa. Ukienda Jinja leo, wenye boti watakupeleka mahali panapoitwa chanzo cha Naili. Utaona maji yanateleza kimya, na kibao. Maporomoko yenyewe yako kwenye picha za zamani.

Sasa rudi kwenye beseni. Umeliziba pengo la V, ukaweka koki. Nani anaifungua, na kwa kiasi gani?

Waingereza na Wamisri walilijibu swali hilo wenyewe, kwa barua walizobadilishana kati ya 1949 na 1953. Misri ilichangia gharama, na ikapewa haki ya kuweka mhandisi wake Jinja. Makubaliano yao yalikuwa hivi: mageti ya bwawa yafunguliwe kwa kufuata kile ambacho mwamba ungefanya kama bado ungekuwepo. Wakachora grafu inayoonyesha, kwa kila usawa wa ziwa, ni mita za ujazo ngapi kwa sekunde zinapaswa kutoka. Wataalamu wa maji wanaiita kwa Kiingereza kwa jina linalomaanisha mchoro uliokubaliwa. Sisi tuuite Mchoro wa Makubaliano. Kwa maneno mengine, jiwe liliondolewa, tabia yake ikaandikwa kwenye karatasi.

Tanganyika, yenye karibu nusu ya ziwa zima, haikuulizwa. Ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baada ya Uhuru, mwaka 1962, serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kwamba nchi mpya haitafungwa na mikataba ya Naili iliyowekwa na mkoloni kwa niaba yake. Wanafunzi wa sheria wanausoma msimamo huo mpaka leo kwa jina la Mwalimu. Na ndio msimamo uliotuwezesha baadaye kuvuta maji kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama bila kusubiri ruhusa ya Cairo.

Hesabu ya sentimita moja

Hapa ndipo wasomaji wa Uhandisi, Uchumi na hata Mawasiliano kwa Umma mnapaswa kutoa kalamu.

Zidisha eneo la ziwa, kilomita za mraba 68,800, kwa sentimita moja. Unapata mita za ujazo milioni 688. Sasa chukua mto unaotoa mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, kiasi ambacho siyo cha ajabu pale Jinja. Kwa siku moja unatoa milioni 86.4. Gawanya. Ili mto huo wote uondoe sentimita moja ya ziwa, unahitaji siku 8.

Kwa hesabu hiyo unaweza kupima maneno mengi yanayosemwa vijiweni. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mpaka likavunja rekodi ya 1964, na mwaka 2024 likaivunja tena. Mialo ikafunikwa, nyumba za kandokando zikaingiliwa na maji, mashamba ya mpunga yakapotea. Watu wakasema: Waganda wafungue tu mageti, kwani kuna shida gani? Sawa, tuseme wameongeza mita za ujazo 1,000 kwa sekunde juu ya zile za kawaida, kwa mwezi mzima. Ziwa linashuka kama sentimita 4 tu, na chini ya mto huko watu wanafurika. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mvua ikiamua, koki ya Jinja haina haraka ya kutuokoa.

Lakini hesabu hiyo hiyo inakata upande wa pili. Maji ya ziada kidogo, yakiachiwa muda mrefu, yanajilimbikiza. Toa mita za ujazo 200 kwa sekunde zaidi ya mchoro kwa mwaka mmoja, umeondoa sentimita 9. Na hilo siyo la kufikirika. Kufikia mwaka 2000 Uganda ilikuwa imeanza kuzalisha umeme kwenye mtambo wa pili, Kiira, kando ya ule wa kwanza. Ukame ulipokuja, mahitaji ya umeme yalikuwa makubwa na maji yakaachiwa kuliko mchoro ulivyosema. Mwaka 2006 ziwa lilishuka kufikia usawa ambao haujaonekana kwa zaidi ya miaka 80. Gati zikabaki juu, mabomba ya kuvuta maji yakawa yananyonya tope. Wataalamu waliochambua takwimu walikuta kwamba takriban nusu ya kushuka kule kulitokana na ukame, na nusu nyingine na maji yaliyoachiwa.

Jiwe lisingeweza kufanya hivyo. Halina mgawo wa umeme, halina uchaguzi, halipigiwi simu.

Jambo lile lile, kwenye msitu wetu

Usifikiri hii ni habari ya Uganda peke yake. Kwenye milima ya Udzungwa, ambako kuna misitu ya mvua ya Tanzania, Mto Kihansi ulikuwa unaanguka kwenye korongo na kurusha ukungu usiokoma. Mwaka 1996 watafiti walikuta humo chura mdogo wa rangi ya njano, asiyepatikana popote pengine duniani. Anazaa watoto hai badala ya kutaga mayai, na aliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililolowanishwa na ukungu huo.

Karibu na mwaka 2000 mtambo wa Kihansi wa megawati 180 ukaanza kazi. Maji mengi ya mto yakapelekwa kwenye mashine, ukungu ukapungua. Ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia maji korongoni, yaani binadamu akachukua kazi ya maporomoko. Vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa kwenye bustani za wanyama. Waliobaki walikufa karibu wote ndani ya muda mfupi, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukitajwa miongoni mwa sababu, na mwaka 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kuanzia 2012 uzao wa wale waliopelekwa ng'ambo ukaanza kurudishwa Kihansi. Mabomba ya kunyunyizia bado yanahitajika.

Umeme ule tunautumia wote, na mimi sisemi tukae gizani. Ninasema gharama ya umeme wa maporomoko inajumuisha kazi aliyoachiwa binadamu, na kazi hiyo haina likizo.

Yaliyobaki ya kutembelea

Ukishatoka Jinja, fuata mto. Maporomoko ya Bujagali, yanayoheshimiwa na Wabasoga kama makao ya roho Budhagaali, yalifunikwa na bwawa mwishoni mwa 2011. Lakini mbele kidogo kuna Itanda, ambako Naili bado unachafuka juu ya mawe kama ulivyoumbwa. Sehemu hiyo iliachwa kwa makubaliano: serikali ya Uganda iliahidi kuihifadhi kama fidia ya Bujagali. Ukitaka kusikia Ripon ilivyosikika, nenda Itanda.

Mbali zaidi, baada ya Ziwa Kyoga na bwawa la Karuma, mto mzima unajipenyeza kwenye ufa wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Ni Murchison, ambayo wengine wanaiita Kabalega, kwa jina la mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza. Pembeni yake kuna maporomoko ya pili yanayoitwa Uhuru. Yalifunguka wakati wa mvua kubwa za 1961 na 1962, zile zilizopandisha ziwa letu zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache, na Uganda ikapata uhuru wakati huo huo. Maji yaliyoingia nyumba za Mwanza miaka ile ndiyo yaliyoenda kufungua njia mpya kwenye mwamba wa Murchison.

Wanaopanga ziara ya masomo muhula ujao wafikirie hili. Rusumo inawezekana kwa basi ndani ya nchi. Jinja inahitaji hati ya kusafiria na siku nne hivi, kupitia Bukoba na Mutukula, au Sirari na Kisumu. Kabla ya kuondoka, pitieni ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria hapa hapa Mwanza, muombe takwimu za usawa wa ziwa, mchore grafu yenu. Na mkifika kwenye maporomoko yoyote, msikanyage mawe yenye utelezi kwa ajili ya picha. Maji hayajui kama una mtihani Jumatatu.

Maswali ya kujadiliana

1. Oktoba 2024 mkataba mpya wa ushirikiano wa Bonde la Naili ulianza kufanya kazi, Tanzania ikiwa mwanachama na Misri ikiwa nje. Je, mageti ya Jinja yaendelee kufuata mchoro wa 1953, au nchi za ziwa ziandike mwingine? Nani akae mezani?

2. Linganisha Rusumo na Jinja. Kukataa bwawa kubwa Rusumo kuliokoa nini, na kulipoteza nini?

3. Chagua mtu mmoja unayemjua anayeishi kwa kutegemea usawa wa ziwa: mvuvi wa Igombe, mama muuza dagaa Kirumba, fundi wa boti, mwenye shamba la mpunga Magu. Mwambie habari ya kizingiti, kisha muulize angetaka koki ifunguliwe lini na ifungwe lini. Andika jibu lake kama alivyolisema, ulilete kwenye toleo lijalo.